Kabla ya Kununua Kalipa Kubwa, Uliza Mguu Wako

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyie wenye magari mliopaki mbali ili gari lionekane vizuri kwenye picha, asanteni kwa kunipa nafasi. Wazee mliopo, shikamooni.

Nimeombwa niongelee breki, na najua kwa nini. Mtu akishabadili tabo, akishaandikiwa upya programu ya injini, akishaweka ekzosi ya kuamsha mtaa, swali linalofuata huwa ni lile lile: "Fundi, ninunue kalipa zipi?" Kalipa ni ule mkono wa chuma unaobana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Mimi humrudishia swali. Gari lako linalalamika nini ukikanyaga breki? Hapo wengi hunyamaza, maana hawajawahi kulisikiliza. Wameona kalipa nyekundu za pistoni sita zikichungulia kwenye rimu za mwenzao, wamezipenda, basi. Kupenda kitu kizuri si dhambi. Ila huko siko kuboresha breki, ni kulipamba gari kwa bolti.

Tuanze na kazi yenyewe. Kinachoshikana na barabara ni tairi. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani kabla halijaunguza kitu. Chukua gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Mwendo ule umebeba nishati ya kilojuli 580 hivi, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Hapo umesimama mara moja tu. Panda hadi 200, na nishati haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Sasa unachemsha karibu lita saba. Kwa hiyo aliyeongeza nguvu ya injini, hata kama hakugusa uzito wa gari, amewaongezea breki kazi kila mara anapofika kona akiwa na mwendo mkubwa kuliko zamani.

Na kazi yenyewe hufanyika upesi mno. Tairi zikiwa nzuri na lami kavu, gari lile linaweza kusimama kutoka 100 ndani ya mita 40 hivi, chini ya sekunde tatu. Kulimeza joto lote lile kwa muda huo ni sawa na kilowati 200, yaani nguvu farasi 270 na ushee, na huo ni wastani. Pale mwanzo mguu unaposhuka, ni kama mara mbili yake. Gari la kawaida kabisa, injini farasi 150, linatoka kiwandani na breki zinazoizidi injini yake kwa mbali. Nikisema hivi watu hucheka, halafu huenda kupiga hesabu, halafu hurudi kimya.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni hili. Tafuta eneo salama lisilo na watu wala magari, kimbia, kanyaga kwa nguvu. ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikianza kupiga na pedali kutetemeka chini ya mguu, breki zako tayari zinaishinda tairi. Hata ukifunga kalipa za gari la mashindano, umbali wa kusimama kule kwa mara moja hautapungua hata mita. Ukitaka kuupunguza, fedha zako peleka kwenye tairi. Nimeona gari limevaa breki za kutisha na tairi ngumu kama ubao, na mwenye gari analalamika kuwa breki "hazishiki". Zilishika, ndugu yangu. Tairi ndizo zilizoachia.

Breki kubwa zina maana kwenye kusimama kwa mara ya tano, ya kumi, ya ishirini. Mbele ya gari ndiko mzigo unakoinamia ukikanyaga, kwa hiyo breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya kazi. Diski ya mbele yenye uzito wa kilo 10 hupanda nyuzi joto 45 hivi kila unaposimama kutoka 100. Kutoka 200, hupanda nyuzi 175 kwa mkupuo mmoja. Ifanyie hivyo mara nne bila kuipa nafasi ya kupoa, na utaona mwenyewe tunaelekea wapi. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ya Tony Rolt na Duncan Hamilton ilishinda saa 24 za Le Mans ikiwa na breki za diski za Dunlop, wakati washindani wao wengi walikuwa bado na breki za ngoma. Faida yao haikuwa kukanyaga kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kukanyaga vile vile usiku kucha.

Sasa nirudi kwenye malalamiko ya gari, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Breki zikizidiwa na joto, mguu hupewa habari za aina mbili, na ukizichanganya utanunua kitu usichokihitaji.

Habari ya kwanza: pedali inakuwa laini, inazama. Hayo yalinipata mimi mwenyewe kwenye mteremko mrefu, kona baada ya kona, nikijiona dereva kweli kweli. Kona ya saba au ya nane nikakanyaga, mguu ukaenda kama umekanyaga sponji. Nikapampu mara tatu, nikapata kidogo. Nikashusha gia, injini ikalia, nikasaidiana na breki ya mkono taratibu hadi nikapata pa kuegesha. Nimekaa pale dakika ishirini mikono ikitetemeka, harufu ya pedi zilizoungua imejaa. Kisha nikakanyaga tena pedali: ngumu, imara, kama hakuna kilichotokea. Na huo ndio ubaya wake. Mtu akiona imerudi, huwasha gari akaendelea na safari.

Kilichotokea ni kuwa mafuta ya breki yalichemka ndani ya kalipa. Kimiminika hakibanwi, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye pistoni. Mvuke unabanwa. Mafuta yakichemka, mguu unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Yakipoa, mapovu yanarudi kuwa kimiminika, ushahidi umepotea. Nilipofungua baadaye, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Sikukumbuka lini yalibadilishwa.

Tunayaita mafuta, lakini si mafuta, na ukimimina mafuta ya kweli mle ndani mipira yote itavimba. Haya ya kawaida ni ya jamii ya glaikoli, na yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, hata kupitia mpira wa hozi. Ndiyo maana viwango vyake hutajwa kwa namba mbili. DOT 3 yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, na yakishanywa maji yasiwe chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama namba za pili, ndizo unazoendesha nazo baada ya muda. DOT 5, isiyo na pointi moja, ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizo nyingine kwa sababu tu namba zinafanana. Na lile kopo lililofunguliwa mwaka jana likabaki nusu kwenye rafu, litupe.

Kwa gari la barabarani linaloendeshwa kwa upole, miaka miwili ni muda wa heshima wa kubadilisha. Kwa nyie mnaolikimbiza, kila mwaka, na kabla ya siku ya kwenda uwanja wa mbio. Hakuna kitu cha bei ndogo kinachobadilisha breki kama hiki, na hakuna mtu anayekipiga picha.

Habari ya pili: pedali ni ngumu, imesimama mahali pake, unakanyaga hadi paja linauma, na gari halipungui. Hapo mafuta ni mazima. Pedi ndizo zimepita joto lake. Kila pedi imetengenezwa kwa masafa fulani ya joto. Ikipita pale, msuguano unaanguka, na gundi iliyoshikilia mchanganyiko wake huanza kutoa gesi. Dawa yake ni pedi za daraja la juu zaidi. Lakini sikiliza vizuri, maana hapa vijana wengi hujikwaa upande wa pili.

Pedi za mashindano zinataka joto ndipo zishike. Asubuhi, gari limelala nje, umetoka getini mita hamsini, mtoto anakimbilia mpira barabarani. Pedi ile inayokubeba kwa nyuzi 500 hapo haina habari na wewe. Inateleza, inapiga kelele, halafu inakula diski. Gari la barabarani linataka pedi inayoshika baridi kwanza, kisha istahimili joto kuliko ile ya kiwandani. Zipo, huitwa za barabara na uwanja, na hazipendezi kuzitaja kwenye stori kama kusema "nimefunga pedi za mashindano". Mwenye akili na uwezo huwa na seti mbili, akabadilisha kabla ya kwenda uwanjani na baada ya kurudi. Kazi ya saa moja ukishazoea.

Pedi mpya na diski mpya lazima zikalishwe. Ukitoka gereji ukaenda moja kwa moja kwenye foleni, umeziharibu. Tafuta barabara tupu, shuka kutoka mwendo wa kasi hadi mwendo wa kutembea, mara nane au kumi hivi, kwa kukanyaga sawasawa, bila kusimama kabisa. Kisha endesha bila kugusa breki hadi zipoe. Unachofanya ni kuhamisha tabaka jembamba la pedi juu ya uso wa diski, lienee sawa. Ukisimama na diski ikiwa ya moto huku mguu umebana pedali, pedi inaacha mhuri wake pale pale. Baada ya hapo usukani unaanza kutetemeka ukikanyaga, na kila mtu anakwambia "diski zimepinda". Mara nyingi hazijapinda. Zina madoa ya pedi, au kitovu cha gurudumu kilikuwa na kutu fundi alipoifunga, diski ikakaa upande kidogo, ikaliwa bila usawa. Tofauti ya unene ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kukutingisha mikono. Kwa hiyo brashi ya waya kwenye kitovu kabla ya kufunga diski. Dakika tano.

Diski za matundu nitazipita haraka. Matundu yanasaidia kwenye mvua na yanapunguza uzito, lakini yanapunguza pia chuma, na chuma ndicho kinachobeba joto. Ukizichosha sana, nyufa huanzia kwenye matundu. Zenye mifereji zina nafuu, mifereji inasafisha uso wa pedi. Diski ya kawaida yenye uwazi wa hewa katikati, yenye chuma kizuri, inatosha wengi wenu humu. Na mzikague: unene wa mwisho umeandikwa pembeni ya diski yenyewe. Hozi za waya wa chuma cha pua hufanya pedali iwe na jibu la haraka kwa sababu hazivimbi kama mpira, hasa kama mpira wako ni mzee. Hazipunguzi joto hata nyuzi moja, lakini nazipenda, mguu unapata habari safi.

Sasa, umefunga tairi nzuri, mafuta mapya, pedi sahihi, umezikalisha, na bado uwanjani gari linakulilia baada ya mizunguko sita. Hapo, karibu kwenye kalipa kubwa. Hapo nakuelewa.

Lakini usihesabu pistoni. Nawaomba. Kalipa ya kiwandani yenye pistoni moja ya milimita 57 inateleza kwenye pini zake: pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa yenyewe inavutika na kuibana ya nje. Kalipa ya pistoni nne za milimita 40 ina mbili kila upande, na nguvu unahesabu upande mmoja tu. Kokotoa maeneo yake: ile moja ina milimita za mraba 2,550 hivi, hizi mbili zina 2,510. Karibu sawa. Hujaongeza nguvu ya kubana. Ulichopata ni pedi kubwa zaidi, inayobanwa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na kalipa isiyojipanua. Hayo ni mambo mazuri, ila si yale uliyoahidiwa na yule aliyekuuzia.

Na ukichukua zenye pistoni kubwa kweli, masta silinda ile ile, yaani pampu inayosukumwa na pedali, sasa inatakiwa kusukuma mafuta mengi zaidi. Pedali inakwenda mbali. Watu hudhani kuna upepo ndani ya mafuta ya breki, wanatoa upepo siku tatu.

Kuna jambo lingine ambalo macho hayalioni. Tuseme umetoka kwenye diski ya mbele ya milimita 280 ukaenda 330. Pedi sasa inabana mbali zaidi na katikati, kama mtu aliyeongezewa urefu wa spana. Kwa mguu ule ule, breki za mbele zimepata nguvu zaidi kwa kama asilimia 20. Za nyuma hukuzigusa. Sasa magurudumu ya mbele yanafika ukomo wa tairi mapema, ABS inaanza kuyaachia, na ya nyuma bado yana uwezo ambao hautumiki. Mfumo wa gari wa kugawa breki unajua kuzipunguzia za nyuma, haujui kuziongezea. Umetumia fedha nyingi na gari linaweza kusimama mbali zaidi kuliko jana. Wahandisi waliopanga mgawanyo ule hawakuwa wajinga. Anayekuuzia seti akuoneshe hesabu ya mbele na nyuma kwa gari lako, modeli yako, masta silinda yako. Akianza kukuonesha rangi, ondoka.

Ukubwa wa rimu nao. Kalipa ikiingia kwenye kipenyo haina maana itapita kwenye spoku. Kata boksi gumu kwa umbo la kalipa, livalishe pale, zungusha rimu kwa mkono. Boksi likikwaruzwa, umeokoa fedha.

Nitamalizia na aibu yangu, kwa sababu inahusu tunachokwenda kufanya sasa hivi. Kalipa zangu kubwa za kwanza nilizifunga mwenyewe. Zilikaa vizuri, bolti nikazikaza kwa spana ya kipimo, nikasimama nikazitazama. Nikaanza kutoa upepo toka saa sita mchana. Makopo matatu ya mafuta. Mapovu yanatoka, yanakwisha, pedali bado sponji. Jua linazama, mdogo wangu ndani ya gari mguu umekufa ganzi kwa kukanyaga. Akapita mzee mmoja fundi, hakugusa kitu, akainama akatazama gurudumu, akaniuliza: "Mwanangu, upepo unapanda au unashuka?"

Nikasema unapanda, mzee.

"Sasa nipeli yako inatazama wapi?"

Nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, ilikuwa inatazama chini. Kalipa ya kulia niliifunga kushoto na ya kushoto nikaifunga kulia. Bolti zote zilikubali, hozi zote zilifika, na upepo ulikuwa umejikalia kileleni mwa kalipa ukinitazama mimi nikimwaga makopo. Tulizibadilisha. Kopo moja, pedali ikasimama.

Basi. Gari liko nje juu ya stendi, magurudumu yametoka, na kitabu chake kinasema tuanze kutoa upepo kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, nyuma upande wa abiria. Sio magari yote, kwa hiyo kwako someni kitabu cha gari lako. Mrija wa plastiki tayari uko kwenye nipeli, ncha yake imezama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ili usivute hewa. Namtaka mtu mmoja mwenye mguu mtulivu akae kwenye kiti. Nikisema kanyaga, kanyaga polepole ushikilie. Nitafungua nipeli robo mzunguko, mguu utazama, usiuachie. Nitafunga. Nikisema achia, ndipo uachie. Na mwingine asimame kwenye boneti alinde kopo la masta silinda lisishuke chini ya alama, maana likikauka tunaanza upya na wake zetu watatutafuta.

Nani anakaa kwenye kiti?